Laini Namba Kumi na Nne

Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, kando ya mlango, mpini wake mpya bado mweupe. Nililiona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Nikasimama na kiatu kimoja mkononi, maana kamba yake ilikatika njiani, nikalitazama. Sikuwa na haja tena ya kupiga hodi.

Mwaka huo, sabini na tano, nilikuwa mtamboni, chumba cha simu pale Korogwe. Darasa la saba la Handeni lilinitosha. Kila laini ilikuwa na kibati chake: mtu akizungusha simu huko aliko, kibati kinaanguka kwangu, tak, nachomeka waya, nauliza, "Namba ngapi?" Kutwa nzima maneno yangu yalikuwa hayo mawili. Mji mzima ulipita masikioni mwangu, wenye misiba, wenye harusi, wenye kugombana, na hakuna aliyewahi kuniita Mwantumu. Jioni narudi Kilole, chumba cha kupanga, nawasha kibatari. Baba na mama walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya huko Handeni, na huko simu ilikuwa bado haijafika.

Mzee Ponsiano alikuwa Mnyamwezi, aliyeletwa na treni kukata mkonge akiwa kijana. Kambi yao, kando ya barabara ya Hale, ilipofungwa, wenzake walihamia kijiji cha ujamaa. Yeye akagoma. Alisema alikabidhiwa funguo za mashine ya mkonge, na hakuna aliyekuja kuzidai. Wakamwacha huko peke yake, na simu ya ofisi ukutani, laini namba kumi na nne.

Kanuni ilitaka laini zilizolala zijaribiwe mara moja kwa wiki. Nikapiga: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi.

"Nani?"

"Shikamoo mzee. Ni posta, tunajaribu laini."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mzigua."

"Alaa! Mtumwa wangu! Miaka yote hii natafuta wa kunitekea maji, kumbe umejificha kwenye waya!"

Nikageuka kutazama kama kuna mtu anasikia. Halafu, kwa kuwa makabila yetu yana utani tangu enzi za misafara, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kubeba ni kazi yenu, Wanyamwezi. Vichogo vimebonyea kwa mizigo ya watu!"

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipomchekesha mtu.

Tangu hapo niliijaribu laini hiyo kila siku, saa nne, wakubwa wakishamaliza simu zao. Hakuna aliyenituma. Mhina, msimamizi wangu, aliuliza mara moja tu: "Hiyo laini yako ina ugonjwa gani usiopona?" Kisha hakuuliza tena. Baada ya matusi yetu ya utani, mzee alikuwa akishusha sauti.

"Umekula?"

"Uji. Wewe?"

"Mihogo."

"Haya. Tumekula."

Siku moja tu hakutania. "Mwantumu, hapa sina ndugu. Mtu akizikwa bila mtani wa kumsema, ni kama wamefukia gogo. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Usinililie. Wa kulia wapo, hata wasionijua."

Siku yenyewe, kibati chake kilianguka saa mbili asubuhi. Hakikuwa kimewahi kuanguka, kwa kuwa siku zote mimi ndiye niliyepiga.

"Mzigua," akasema, "leo nakufa. Njoo unichimbie. Jembe nimeshakuwekea."

Vibati vitatu vilikuwa vimeanguka mbele yangu, kimoja cha ofisi ya wilaya. Na mtani akikwambia anakufa, humwonei huruma; ukimwonea huruma umemvua utani, umemwacha uchi. Nikamjibu inavyojibiwa.

"Kufa upesi basi, nina foleni hapa! Ila usiniite kwenye msiba mkavu. Pika wali kwanza!"

Nikasikia kitu. Miaka hii yote nimejiambia kwamba kilikuwa kicheko. Nikachomoa waya.

Saa nne nilipiga. Mrefu, mifupi miwili. Nikapiga tena, na tena.

"Kaenda kuteka maji," Mhina akasema. Akanitazama usoni, akavua koti lake na kulitundika. "Nenda. Nitakaa mimi."

Lori likanishusha njia panda. Nikatembea katikati ya mkonge usiokatwa, umeshatoa milingoti ya maua, mirefu kuliko nyumba, hadi nikaliona jembe.

Alikuwa kwenye kiti chini ya simu, kofia mapajani, funguo ndani ya kofia. Alikuwa ameshapoa. Mafiga hayakuwa yamepoa. Juu yake palikuwa na sufuria iliyofunikwa sahani, na ndani yake wali, umeungua chini, umekolezwa chumvi kupita kiasi, kama chakula cha mtu aliyepika huku ameshika ukuta.

Nikakaa sakafuni nikaula. Niliuomba mwenyewe.

Kesho yake walikuja watu kumi na wawili kutoka kijijini, na katekista wao. Walichimba kwa jembe lile. Sala ilipokwisha, katekista akainua macho: "Mtani yupo?"

Nikasogea ukingoni. "Mtazameni Mnyamwezi huyu mvivu!" nikasema. "Kalala mapema, na maji hajabeba!"

Wakacheka kidogo, kwa adabu. Nikanyamaza kama nilivyozoea kunyamaza kwenye simu, nikimpa nafasi ya kujibu. Mtu mmoja akakohoa. Wakaanza kurudishia udongo.

Siku iliyofuata nilikuwa mtamboni. Saa nne nikachomeka waya kwenye kumi na nne. Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Nikausikia ukienda, ukilia huko, kwenye chumba kile. Mhina aligeuza uso dirishani.

Nikafungua daftari la majaribio nikaandika tarehe, na mbele yake: laini ni nzima.