Namba Iliyo Ndani ya Saa

Fundi saa alikuwa amechonga namba yake ya simu ndani ya kila saa aliyowahi kuitengeneza. Kwa hiyo alipochoshwa na kampuni yake ya simu, alitaka kuhama na namba hiyo hiyo.

"Babu, chukua tu namba mpya," binti aliyehudumu kwenye kampuni aliyotaka kuhamia alimshauri.

"Sawa, mjukuu wangu. Basi twende wote nyumba kwa nyumba, tufungue saa elfu mbili tuifute ya zamani."

Binti alicheka, akatuma ombi la kuhamisha namba. Papo hapo simu ya fundi ikalia, akaipokea kwa sauti ya nje. Kampuni iliyompuuza miaka mitatu ilikuwa imemkumbuka ghafla, kama mjomba aliyesikia habari za urithi.

"Mteja wetu mpendwa, tumekukosea nini? Mtandao wetu hauna mpinzani, unafika hadi..."

Simu ikakatika.

"Hadi wapi, Babu?" binti aliuliza.

"Hadi hapo," alijibu fundi, akabonyeza kidole gumba kwenye mashine ya alama za vidole kuthibitisha kuhama.

Jioni mama mmoja alipiga. Saa yake ya ukutani ilikuwa imesimama, akaifungua, akaikuta namba. Fundi alimsikia vizuri, pamoja na watoto wake waliokuwa wakigombana, akamwacha aongee mpaka akachoka mwenyewe.