Kilima cha Sentimita Nane

Mama Cherehani alikuwa ameapa kwamba haingii jumba lile la makumbusho hata kwa kubebwa, na kiapo hicho alikishika miaka thelathini na mmoja. Siku aliyokivunja aliingia kwa miguu yake mwenyewe, saa tatu asubuhi, amevaa gauni alilojishonea kwa ajili ya hafla, na uso ameukunja kama mtu aliyelazimishwa kumeza dawa chungu. Aliyemwita ni mdogo wake wa kiume, fundi wa milima. Ndiyo, milima! Mtu mzima na mvi zake, kazi iliyompa pensheni ni kutengeneza milima ya plasta, na mabonde, na mito iliyopakwa buluu ambayo hujapata kuiona kwenye mto wowote. Kazini walimwita Plasta, na jina likamganda.

"Umechelewa, Dada," Plasta alimwambia mlangoni.

"Nimechelewa miaka thelathini na mmoja. Hiyo robo saa ndiyo inayokuuma?"

Ndivyo walivyosalimiana, watoto wa tumbo moja.

Ukumbi wenyewe ulinuka rangi mpya na vumbi la zamani. Ukutani kulikuwa na michoro ya konokono, mizizi na mbegu, kila kimoja kimechorwa kwa kalamu nyembamba na kupewa namba. Kwenye makabati ya kioo walipangwa ndege waliojazwa pamba, macho yao ya gololi yakimtazama kila apitaye. Kulikuwa na mlima wa volkano uliopasuliwa katikati ili watoto wa shule waone moto tumboni mwake. Na katikati ya ukumbi, juu ya meza kubwa kuliko kitanda, kulikuwa na kielelezo cha mji wao. Mto, daraja, shule, barabara, vyote vilikuwepo. Pembezoni mwa meza kilisimama kilima, kimekatwa ubavuni wima kama mkate, na matabaka ya mawe yamepakwa rangi ili mtu aone ardhi ilivyo ndani.

Mama mmoja alikuwa akifuta sakafu karibu na meza ile. Mama Cherehani alimtambua mara moja, maana waliishi ukuta kwa ukuta huko kilimani.

"Jirani, hujambo?"

Jirani alikamua tambara lake ndani ya ndoo, akampa kisogo, akaendelea kufuta. Wala Mama Cherehani hakushangaa. Alikuwa ameshazoea.

Sasa, kuhusu kilima. Mwaka ule kielelezo kilipowekwa mara ya kwanza, mkuu wa mji alikuja kukizindua. Akakiona kilima kimesimama kama ukuta, na vijumba vya vijiti vya kiberiti vimening'inia juu yake. Akashika kichwa. "Watu wanalala hapa? Mvua ikinyesha si watafukiwa wote?" Mwezi haukuisha, amri ikatoka kwamba familia themanini zihame. Watu wakagoma. Walizaliwa pale, wazazi wao wamezikwa pale, nani angewatoa? Ndipo Plasta alipopanda kilimani jioni moja, akaketi kwa dada yake, akamwambia, "Dada, kile kilima nimekipima mimi mwenyewe. Kitaanguka. Ondokeni."

Na wewe ungefanyaje? Mdogo wako, msomi pekee wa ukoo, anakwambia kwa macho makavu kwamba utafukiwa wewe na wanao. Mama Cherehani alikuwa wa kwanza kutia sahihi. Kisha akazunguka nyumba kwa nyumba, akibembeleza, akilia, akigomba, mpaka themanini wote wakakubali. Wakapelekwa kwenye vyumba vya kupanga kule bondeni, penye mbu na maji yaliyotuama.

Kilima hakikuanguka. Mvua zikanyesha mwaka baada ya mwaka, na hakikudondosha hata kokoto. Baadaye yakaota huko kilimani majumba ya matajiri, na kuta, na mbwa wa kubweka. Watu wa bondeni wakamgeukia Mama Cherehani. Walimwita msaliti, walimwita mdomo wa kukodi, nguo zao wakapeleka kwa mafundi wengine. Yeye jibu lake lilikuwa moja tu: "Bora kuhama kuliko kufukiwa. Kilima kina subira kuliko nyinyi, siku kikiamua mtanikumbuka." Na jibu hilo ndilo lililomlaza usingizi. Wamchukie watakavyo, watoto wao wako hai kwa ajili yake.

Naye Mama Cherehani alimchukia Plasta, maana baada ya kuhama alimwomba chumba, na ndugu huyo akasema nyumba yake ni finyu. Lakini hata kwenye chuki yake alimwachia hilo moja, kwamba aliwaokoa. Ndiyo sababu alikubali kuja. Siku hiyo kielelezo kilikuwa kinapewa jina la Plasta. Kibao cha shaba kilikuwa tayari, kimeandikwa kwamba kazi hii iliokoa familia themanini, na Mama Cherehani alitakiwa aseme maneno machache ya shukrani kwa niaba ya waliookolewa. Alikuwa ameyakariri njia nzima.

Kifuniko cha kioo kilikuwa kimeondolewa kwa ajili ya wapiga picha. Akasogea. Akainama. Mahali vijumba vilipong'olewa palibaki vidoa vya gundi, vimepakwa kijani juu juu. Akaanza kutafuta kidoa chake, akapandisha macho kutoka mtoni kama alivyokuwa akipandisha ndoo ya maji kichwani, asubuhi na jioni, miaka ishirini na miwili. Akafika katikati, akasimama.

"Hiki si kilima chetu," alisema.

Plasta alicheka. "Dada, umezeeka. Ni kipi basi?"

"Sijui ni kipi. Mimi chetu nilikipanda na mimba ya miezi minane na ndoo kichwani, wala sikupumzika njiani. Hapa hata mbuzi angerudi nyumbani."

"Ni kielelezo. Kinaonekana hivyo kwa sababu ni kidogo."

"Kidogo ndiyo kinapanda wima?"

Plasta alitoa leso, akajifuta shingo, na Mama Cherehani akaiona ile leso. Miaka hamsini ya kuwapima watu viuno imemfundisha kitu: anayeficha kitambi hubana pumzi pale utepe unapomgusa. Akafungua mkoba, akatoa utepe wake wa kupimia.

"Unafanya nini? Usiguse, rangi haijakauka!"

"Rangi nimeiona. Toka hapo." Akalaza utepe juu ya barabara ya plasta. "Kutoka darajani hadi lango la shule ni kilomita moja. Tulikimbizwa hapo kila Ijumaa tukiwa wadogo, mimi na wewe, na wewe ulikuwa wa mwisho kila mara. Hapa ni sentimita ishirini. Sivyo?"

"Dada."

"Kwa hiyo mita mia ni sentimita mbili. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la saba naijua." Akanyoosha kidole ukutani, kwenye mchoro mkubwa wa matabaka ya mawe uliochorwa kwa mkono wa Plasta huyohuyo. Chini yake pameandikwa kwa herufi nzuri: kimo cha kilima, mita mia moja. "Basi kilima kinatakiwa kiwe na sentimita mbili. Kidole changu hiki."

Akausimamisha utepe kwenye ule ubavu uliokatwa, kuanzia chini hadi kileleni. Akasoma. Akasoma tena. Sentimita nane.

"Mara nne," alisema. "Umekiongeza mara nne!"

"Kila fundi wa vielelezo huongeza kimo!" Plasta alifoka kwa sauti ya chini, akitupia jicho mlangoni. "Ndiyo kazi yenyewe ilivyo, duniani kote. Usipokuza, nchi inaonekana bapa kama meza, nani atakuja kuangalia meza? Kibao cha kueleza kilikuwepo. 'Kimo kimekuzwa mara nne.' Nilikitengeneza mwenyewe."

"Kiko wapi?"

"Siku ile nilikuwa sijakibandika. Nilitaka mkuu ashangae kwanza."

"Akashangaa."

"Akashangaa kupita kiasi. Kisha akanishika bega mbele ya kamera, akasema huyu kijana ameokoa watu. Ningemwambiaje? Kwamba bwana mkubwa umetishwa na makaratasi na gundi?"

"Sawa. Hapo palikuwa na kamera," alisema Mama Cherehani. "Kwangu je? Kwangu palikuwa na kamera gani? Ulikaa kwenye kiti cha mume wangu, ukanywa chai yangu, ukaniambia kitaanguka."

Plasta alikunja leso yake ikawa ndogo kabisa. "Mlikuwa mnagoma. Mgomo ungeendelea wangeletwa wapimaji. Ningefukuzwa kazi, Dada. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga."

Lo! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Mama Cherehani alitamani kumtandika kofi, na mkono wenyewe ulikuwa umeshapanda. Plasta akauona, wala hakurudi nyuma.

"Haya, nipige. Halafu wageni wakija, sema. Lakini jiulize kwanza, mimi nitapoteza nini? Kibao cha shaba. Mimi ni mstaafu, watanifanya nini? Wewe ndiye uliyezunguka nyumba kwa nyumba. Leo wanakutukana, lakini usiku wakilala wanasema moyoni, pengine yule mama alituokoa. Hiyo 'pengine' ndiyo mali pekee uliyo nayo. Isambaratishe, tuone utakwenda kuishi wapi."

Alisema kweli, mshenzi yule, na ndiyo maana ilichoma. Mama Cherehani alijiona anavyoweza kuukunja utepe, kuurudisha mkobani, kusema yale maneno aliyokariri, kunywa soda na kurudi nyumbani. Nani angejua? Angeendelea kujibu watu jibu lake lilelile. Ila sasa kila akilitoa angejua anadanganya.

Tambara lilikuwa limenyamaza sakafuni. Jirani alisimama hatua tatu nyuma yao, mikono imelowa, na hakuna aliyejua amesikia kiasi gani.

"Jirani," Mama Cherehani aliita. "Njoo unishikie hapa."

"Dada, nakuomba."

"Nyamaza wewe. Jirani, shika ncha hii, iweke chini kabisa. Hapo. Usome mwenyewe juu kuna ngapi."

Jirani alifuta mikono kwenye aproni, akashika, akasoma kwa kusogeza midomo. Akapelekwa kwenye ile barabara ya plasta, akasoma. Akapelekwa kwenye mchoro wa ukutani, akasoma. Hakuwa mjinga. Alipomaliza aliuacha utepe ukaanguka.

"Miaka kumi na moja nakipangusa vumbi hiki kilima," alisema polepole. "Kila siku najiambia, mbona tulikuwa tunapanda? Nikadhani ni macho yangu."

"Si macho yako."

"Kwa hiyo tungebaki."

"Tungebaki."

"Umejua lini?"

"Sasa hivi. Mbele yako."

"Na yeye?"

"Tangu siku ile."

Jirani alimtazama Plasta kama mtu anayetazama uchafu asioweza kuupangusa leo. Kisha akamgeukia Mama Cherehani, na macho yake hayakulainika hata chembe.

"Yeye alikaa huku na gundi yake. Mimi hakuniambia kitu. Wewe ndiye uliyekuja kwangu mara tatu. Mume wangu alikataa, ukamwambia atawazika wanawe. Nilikuamini wewe, si yeye."

Mama Cherehani alifungua mdomo. Miaka yote hiyo hakuwahi kukosa jibu, sokoni, bombani, msibani. Sasa alilitafuta, hakulipata.

"Nilikuja," alisema. "Ni kweli."

"Usidhani kwa kunionyesha tumemalizana."

"Sidhani."

Milango ikafunguliwa. Wakaingia wageni na viatu vyao vya kung'aa, na mkurugenzi mbele yao akitabasamu, na wapiga picha, na watu wawili watatu wa bondeni walioalikwa ili wapigwe picha wakiwa hai. Mkurugenzi alimpa mkono Plasta, akasifu kilima, kisha akatangaza kwamba kabla ya yote dada wa fundi wetu atatoa neno la shukrani. Makofi yakapigwa. Plasta alimshika kiwiko dada yake, akambana.

Mama Cherehani akajinasua, akasogea mbele ya meza.

"Hamjambo, wageni. Nimeitwa niwashukuru kwa niaba ya waliookolewa na kilima hiki. Hakuna aliyeokolewa. Kilima hiki kimeongezwa kimo mara nne, ndugu yangu alijua, akanyamaza. Ila yeye hakumhamisha mtu. Niliyewatoa watu kwenye nyumba zao ni mimi. Niliwadanganya bila kujua, na leo nimejua."

Mkurugenzi alianza kusema kitu kuhusu muda.

"Kaeni," alisema Mama Cherehani. "Familia ni themanini, na nitazitaja zote, nyumba kwa nyumba, nani alikuwa anaishi pale na nilimwambia nini."

Jirani aliiweka ndoo yake kando. Akapita mbele ya waheshimiwa, akavuta kiti cha safu ya kwanza kilichobandikwa karatasi ya mgeni rasmi, akakaa, akakunja mikono kifuani.

"Anza na kwangu," alisema.