Upepo wa Silinda ya Tatu

Mwaka 1957, Kassamali alipochoka na gari lake la michezo, alimkabidhi bintiye Sakina funguo na kumwambia alifanye apendavyo. Lilikuwa gari dogo jeupe la Kijerumani, injini ikiwa nyuma, halina rejeta wala halitiwi maji. Lilipozwa kwa upepo wa feni tu. Likienda safari ndefu liliunguza valvu, na kila mara ni ya silinda ileile, ya tatu.

Sakina alikuwa mjane, akiuza vipuri katika duka la baba yake karibu na stesheni ya Dodoma. Alilipeleka kwa fundi Khamisi, Mrangi wa Kondoa, mwenye gereji ng'ambo ya reli. Khamisi alibadilisha valvu, akasafisha vumbi lote, akakaza mkanda wa feni. Wakaenda kulijaribu barabara ya Kondoa. Walipofika Haneti injini ikaanza kukohoa, na wakarudi wakivutwa na lori la mahindi.

Khamisi alilaumu oili. Sakina alilaumu petroli. Walipochoka kubishana, walifungua injini wakaitazama upya. Sakina akawasha udi, Khamisi akazungusha feni polepole kwa mkono, na wote wawili wakaufuata moshi kwa macho. Ulipita vizuri kwenye silinda zote isipokuwa ya tatu. Hapo njia ilizibwa na kisanduku cha kupozea oili, na upepo kidogo uliopenya ulikuwa umekwisha kupata joto la oili.

"Inanyimwa hewa," Sakina alisema.

"Basi kisanduku tukihamishe," akajibu Khamisi.

Walikitoa, wakakifunga pembeni, wakakitengenezea njia yake ya upepo kwa bati la debe. Kassamali alipokuja kuona alishika kichwa, akasema wanaharibu kazi ya watu waliosomea.

"Waliosomea hawaijui barabara yetu, baba," Sakina alimwambia.

Mwezi wa Septemba madereva wa mjini, wengi wao maofisa wa serikali, walitangaza mashindano ya kutoka Dodoma hadi juu ya mlima wa Kolo. Mwandikishaji alimuuliza Sakina jina la dereva. Alimjibu kwamba dereva ndiye huyo anayezungumza naye.

Magari makubwa yaliwaacha Sakina na Khamisi mapema, wakala vumbi lao hadi Kondoa. Ila mlima ulipoanza, mambo yaligeuka. Kwenye kona ya kwanza gari moja lilikuwa limesimama, rejeta ikitoa mvuke. Mbele zaidi mawili mengine, wenyewe wakitafuta maji. Sakina alibadilisha gea, akakanyaga. Khamisi, kando yake, alikuwa ametega sikio nyuma, akisubiri kikohozi. Hakikuja. Injini iliimba hadi kileleni, na kileleni hapakuwa na gari lingine.

Sakina alishuka, akacheka mpaka machozi. Khamisi alifungua boneti ya nyuma, akasikiliza tena, kisha akampa mkono.

Wakati wa kurudi walipita Kondoa, nyumbani kwa mama yake Khamisi, Bi Mwajabu. Sakina alimwamkia shikamoo, akamfungulia mlango wa gari. Viti vilikuwa viwili tu. Bibi akaketi, akaweka vizuri mtandio wake, akaagiza wapitie sokoni, polepole, ili watu wapate kumwona. Khamisi akafuata nyuma kwa miguu, akitabasamu.