Mstari Alioufuta Jéthro

Vuuuu! Feni ililia kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Jéthro Lusenge aliisikia akiwa bado uani, akikwangua tope jekundu la Butembo kwenye viatu, na moyo ukamruka. Kompyuta haipigi yowe hivyo kwa kazi ndogo. Akasukuma mlango.

Ndani, Léa Katungu, binti wa mjomba wake aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, na mwenzake wa kazi, alikuwa ameinamia meza, macho yanawaka.

“Yaya Léa, unapika nini na ile mashini?”

“Niko navunja kufuli yako.”

Jéthro akacheka mpaka akashika ukuta. Kufuli yake, hiyo hiyo!

Programu yao ilikuwa ya wazi: mtu yeyote angeweza kusoma msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, kuichukua na kuirekebisha bila malipo. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kufumba majina ya wagonjwa, yasisomeke na asiye na ufunguo. Huko Beni, muuguzi Mama Emérence aliingoja aiweke kwenye kompyuta yake. Mchana huo gari lingempeleka Mangina, na akishaondoka hakuna mtandao wa kutegemea. Wakati wa Ebola jina la dada yake lilivuja. Dada alipona, lakini sokoni Mangina hakuna aliyegusa tena mihogo yake. Watu wa Mangina hawakusahau. Bila kufuli ya kweli, wangebaki na homa zao nyumbani.

Kufumba kwenyewe hufanywa na maktaba ya usimbaji, fungu la msimbo lililotungwa na mabingwa wa hesabu na kukaguliwa na macho ya wengi. Programu nyingi huiazima ile iliyomo tayari kwenye mashine. Jéthro kuazima? Butembo ni mji uliojichimbia barabara bila kungoja mtu wa Kinshasa. Mwana wa mji huo aombe? Alinakili maktaba nzima, akaitia tumboni mwa programu, akaipanga kwa mkono wake. Mstari mmoja ulipomletea onyo kila alipojenga, yaani kugeuza msimbo kuwa programu kamili, aliufuta. Onyo likanyamaza, naye akatembea kifua mbele. Jana akamtupia Léa ujumbe uliofumbwa: fungua, kama weye ni fundi!

Feni ikatulia ghafla. Léa akaruka kitini, akapiga vigelegele.

“‘Solange, nikikuona damu inachemuka sawa kahawa!’ Ayiii, mudogo yangu! Ni weye uliandika ile?”

Masikio ya Jéthro yakawaka moto. Kwanza aibu, kisha baridi ya hofu: majina ya Mangina.

“Ulifungua namna gani?”

“Ule mustari ulifuta, njo ulikuwa unachanganya namba, ili kila ufunguo ikuwe ya peke yake. Bila ule, funguo zinabakia kidogo tu. Mashini yangu imezijaribia zote. Na tena, benyewe ba maktaba balishaziba matundu ingine, lakini kopi yako haijue kitu. Nani atakuja kuitengeneza mu nyumba yako?”

“Miye!”

“Weye? Weye unalala. Bale ni batu mingi, mumoja akilala mwengine iko macho.”

Jéthro akalitazama folda lile la maktaba aliyoinakili, jasho lake la miezi. Akauma meno. Akalifuta lote.

“Andika, Yaya! Mbio!”

Wakaandika agizo jipya la ujenzi: tafuta maktaba ya mashine yenyewe, ikikosekana, au ikiwa ya zamani, simama, piga kelele, usijenge. Wakajenga. Kioo kikajaa maandishi mekundu: maktaba haipo! Mashine yao haikuwa na vipande vya maktaba vinavyohitajiwa wakati wa kujenga. Léa akawasha mtandao wa simu yake, akaipandisha dirishani, na vipande vikaanza kushuka kwa kusuasua. Simu ya Jéthro ikalia.

“Jéthro, mutoto yangu,” sauti ya Mama Emérence ilishindana na honi, “dereva anakasirika!”

“Mama, umuzuie! Umupatie hata chai!”

Wakajenga tena. Kijani! Léa akaishambulia kufuli mpya. Feni ikalia, ikalia, mashine haikupata kitu.

“Haifunguke!” walipiga kelele pamoja, hata jirani akagonga ukuta: “Muko na harusi?”

Faili, jepesi sasa bila maktaba tumboni, likaruka hadi Beni. Mashine ya Mama Emérence, iliyosasishwa juzi, ilikuwa na maktaba mpya tayari. Programu ikafunguka.

“Iko natembea,” alisema. “Lakini jana uliniambia ya kwanza haivunjike.”

“Ilivunjika, Mama. Ni miye niliharibu.”

Injini ya gari ikanguruma.

“Na kama batu bakiona tundu mu hii? Majina ya batu yangu itakuwa je?”

Jéthro akasimama wima, kana kwamba mama yule yuko mbele yake.

“Mama Emérence, nakuahidi, Yaya Léa iko nasikia: siku tundu itaonekana, hata ikiwa ni aibu yangu, nitapanda pikipiki mimi mwenyewe nikuletee dawa yake Mangina, kabla jina moya itoke.”