Uzito wa Dau la Kinyozi

Jumatano asubuhi Fundi Mizani alikaa mezani akiwa amefungwa michezo miwili kwa bila, na mkewe alimmiminia chai bila kumwuliza amelalaje.

"Mdogo wangu amekukalia," alisema tu.

"Hajanikalia. Anatafuta pa kukaa."

"Watu wazima, mna wajukuu, mnagombea chumba kwa karata za kwenye simu! Mimi sina upande. Yule nimenyonya naye ziwa moja, wewe nakupikia. Mmalizane wenyewe."

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele, katika jengo refu ambamo Fundi alikuwa na karakana yake kwa nyuma na shemeji yake, Kinyozi, alikuwa na kiti chake katikati. Muuza viatu alikuwa amehama, akaacha dirisha kubwa la kioo na sakafu ya saruji. Kinyozi alikitaka kwa sababu ya kioo, wapita njia wamwone akinyoa. Fundi alikitaka kwa sababu ya sakafu. Karakana yake ilikuwa ya mbao, na mtu akipita ukumbini kila sindano ya mizani ilicheza. Mizani ya sokoni huvumilia mtikisiko. Mizani ya duka la dawa haivumilii. Ukipiga chafya inasoma. Maduka matatu ya dawa yalikuwa yamemletea kazi mwaka ule, na yote matatu aliyarudisha, mtu ambaye hakuwahi kusema hawezi. Bila sakafu ile angezeeka akirekebisha mizani za viazi.

Mama mwenye nyumba aliwaambia wapatane kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo anampa mtu mwingine. Wakabishana siku tatu. Ndipo Kinyozi akasema wayamalize kwa poka, mchezo ambao kwa miaka miwili walikuwa wakiucheza mtandaoni saa ya chakula cha mchana, kila mmoja chumbani kwake, ukuta wa mbao nyembamba katikati. Mchezo mmoja kila siku, wa kwanza kushinda mitatu anachukua chumba. Fundi akakubali kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa imemgharimu Jumatatu na Jumanne.

Kila mmoja hupewa karata mbili za siri. Kabla karata tano za mezani hazijaanza kufunuliwa, mmoja, kwa zamu, hufungua kwa kuweka dau, na mwenzake huchagua: atupe karata zake, afuate dau, au alipandishe. Sarafu zilikuwa picha tu, hazinunui hata kiberiti, ila aliyeishiwa nazo ndiye aliyefungwa. Na Kinyozi, kati ya njia hizo tatu, alikuwa kama mtu asiyejua kwamba mbili za kwanza zipo. Fundi akifungua kwa sarafu mia, Kinyozi anapandisha mia nne. Kisha sauti inapenya ukutani:

"Shemeji! Nimeushusha mzigo mlangoni! Unabeba au nimwite kijana wa mkokoteni?"

Wateja waliokaa wakingoja kunyolewa hucheka hadi benchi linalia. Na Fundi hutupa karata.

Hakutupa kwa woga. Alitupa kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa amefanya vitu viseme kweli, na kichwa chake kilikuwa kimezoea kwamba namba ikionekana, kuna uzito chini yake. Mia nne ni mia nne. Mtu angewekaje mia nne juu ya hewa?

Lakini Jumatano ile, akiwa njiani na mfuko wa bisibisi begani, alijiuliza swali ambalo angemwuliza mwanafunzi wake yeyote. Ukiletewa mizani ya bucha inayoshukiwa, unafanyaje? Huitazami usoni. Wala humsikilizi mwenye bucha, maana yeye mdomo wake hauna pazia. Unaweka jiwe unalolijua, unasoma. Unalitoa, unaliweka tena. Mara ishirini, mara thelathini, hadi mizani yenyewe ikwambie inadanganya kwa kiasi gani.

Simu ilikuwa imeweka kumbukumbu ya kila mgao. Fundi alifunga mlango wa karakana, akavaa miwani, akachukua penseli. Siku mbili zile yeye alikuwa amefungua dau mara hamsini na mbili. Kinyozi alikuwa amempandishia mara thelathini na moja.

Akaweka penseli chini, akacheka peke yake. Karata nzuri za kweli, zile za kumfanya mtu mwenye akili timamu apandishe mara nne, haziji hata mara moja katika tano. Zilizobaki zote zilikuwa upepo na kelele za wateja.

Kisha akageuza mizani upande wake mwenyewe, na hapo hakucheka. Alikuwa akifungua kwa karata yoyote, hata mbili na saba, na kwa dau kubwa, halafu akisukumwa kidogo anaacha kila kitu mezani na kuondoka. Alikuwa amemlisha shemeji yake kwa mkono wake.

Mpango aliouandika ulikaa nyuma ya risiti moja. Karata mbovu kabisa asifungue nazo. Nzuri afungue kwa dau dogo, ili akisukumwa asipoteze kingi. Akipandishiwa huku ana karata zinazoelewana, afuate, kwa kuwa aliyefungua ndiye huamua wa mwisho karata za mezani zinapofunuliwa, na anayeamua wa mwisho ameshamwona mwenzake. Na mara chache apandishe juu ya kupandishiwa. Afanye hivyo akiwa na karata kubwa kweli, au akiwa na ree na karata ndogo ya rangi moja. Ree ndiyo kubwa kuliko zote na ziko nne tu. Moja ikiwa mkononi mwako, mwenzako hana nafasi kubwa ya kuwa nazo mbili.

Saa sita na nusu wakaanza.

"Shemeji, leo umechelewa. Nilidhani umeenda kununua mkeka wa kulalia chumba cha nyuma milele!"

"Nyoa, usije ukamkata mtu sikio."

Fundi akafungua kwa sitini. Kinyozi akapandisha mia mbili na arobaini. "Mzigo!"

Fundi akafuata.

Upande wa pili wa ukuta mashine ya kunyolea ilizimwa. "Ameubeba," alisema mteja mmoja kwa mshangao. Mezani zikafunuliwa tatu: tisa, nne, malkia. Kinyozi akagonga meza, yaani hakuongeza kitu. Fundi akaweka dau la kawaida, na Kinyozi akatupa. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne Fundi alikuwa na ree na tano, zote za kopa, akapandisha juu ya mzigo. Halafu karata za Kinyozi zikateleza kwenda pembeni mwa kioo cha simu.

"Shemeji, umekula nini leo?"

"Chai."

Siku hiyo alishinda. Alhamisi Kinyozi alikasirika, na badala ya kupunguza akaongeza, akipandisha mara sita badala ya nne, na akafungwa mapema kuliko siku iliyotangulia. Mteja aliyekuwa kitini aliondoka amenyolewa upande mmoja vizuri na upande wa pili kwa hasira. Miwili kwa miwili.

Ijumaa ukuta ulikuwa kimya.

Fundi alikuja kifua mbele. Mgao wa kumi na moja alipata tena ree na tano za rangi moja, akafungua, akapandishiwa, akapandisha juu yake bila kusita. Kinyozi akaweka sarafu zake zote.

Kidole cha Fundi kilisimama juu ya kioo. Alikuwa ameshaingiza theluthi ya alichokuwa nacho. Kichwa kilimwambia huyu ni yule yule, mfuate. Lakini mkono wa penseli ulikuwa umeendelea kuweka alama bila yeye kuujali, naye akatazama chini. Leo alikuwa amefungua mara sita. Kinyozi alikuwa amepandisha mara moja tu, hii.

Akatupa. Ilimuuma kama jino.

"Umefanya vizuri, shemeji," sauti ilisema, ya upole, bila mbwembwe. Akafunua alizokuwa nazo: wafalme wawili.

Kwa hiyo mizani ilikuwa imerekebishwa usiku. Sawa. Mizani ikirekebishwa haipimwi kwa kipimo cha jana. Fundi akavuta kiti mbele, akageuza mpango. Mtu asiyepandisha ila kwa karata za kweli ni mtu anayekuachia mezani vile vidogo. Akaanza kufungua karibu kila zamu yake kwa dau dogo, na Kinyozi akitupa anachukua. Kinyozi akipandisha, Fundi anaondoka bila kinyongo. Sarafu thelathini hapa, arobaini pale. Katika nusu saa alikuwa amerudisha theluthi yake yote na nyongeza.

Na huko upande wa pili wateja walianza kuchoka.

"Kinyozi, leo unaumwa?" mmoja aliuliza.

"Ananyonyolewa kama kuku," mwingine akasema. "Mzee anakunyonyoa unyoya mmoja mmoja, na wewe umetulia tu!"

"Mimi natulia?" Kinyozi alisema.

"Umelala kabisa. Nilikuja kuona mizigo, naona mtu anahamishwa."

Fundi alimsikia shemeji yake akihema. Miaka yote aliyomjua, yule bwana hakuwahi kushindwa kuvumilia njaa wala kiu, ila kuchekwa na mtu aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe kulimshinda. Alama za penseli zikaanza kubadilika. Kufungua mara kumi, kupandishiwa mara tano. Kumi nyingine, mara sita.

Kisha Fundi akapata nane mbili, jozi kamili. Akafungua kwa sitini.

"Shemeji!" Ukuta ulitetemeka. "Mzigo wote! Gari, tela na dereva! Sema sasa!"

Sarafu zote za Kinyozi zilikuwa katikati ya kioo. Fundi akifuata akashindwa, atabakiwa na makombo. Hata mkewe, aliyeleta chakula na kusimama mlangoni na bakuli lake, alikuwa ameacha kusema hana upande. Alikuwa amekunja kitambaa cha mkononi kama anayekikamua maji.

"Ana kitu?" alinong'ona.

"Labda."

"Sasa je?"

Fundi alitazama alama zake mara moja tu. Mtu wa Jumatano ndiye aliyerudi mezani, na dhidi ya mtu wa Jumatano nane mbili ni mali. Kama karata za mezani zingemgeuka, hiyo si kazi ya fundi. Kazi ya fundi iliishia kwenye kusoma sawasawa. Akabonyeza kufuata, akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Amefuata!" benchi lililia.

Kinyozi alikuwa na malkia wa uru na saba ya shupaza. Mezani zikaja tatu, ghulamu na takataka mbili. Ikaja ya nne, mfalme. Mke wa Fundi alifumba macho. Ya tano ikaja, tatu ya pau, hakuna malkia wala saba ya kuipiku jozi ya Fundi, na sarafu zote zikateleza kuelekea upande wa Fundi.

Kinyozi akatokea mlangoni na aproni yake shingoni, nywele za watu mikononi. Alimtazama dada yake, akatazama bakuli, akachota kipande cha nyama bila kuomba.

"Ulijuaje kwamba sina kitu?"

"Sikujua."

"Usinifanye mtoto, shemeji."

"Sikujua. Nilijua tu kwamba mara nyingi huna."

Kinyozi alitafuna, akifikiri. Mkewe Fundi alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kile kitambaa.

"Basi nifundishe."

"Nikufundishe unipandishie vizuri zaidi? Wewe una wazimu. Umemwacha mtu kitini?"

"Mungu wangu!" Kinyozi aligeuka mbio, na ukumbini wakamsikia akimwomba radhi mtu kwa majina matatu ya heshima.

Fundi akavaa koti, akaiweka sawa kola. Mkewe akamwuliza kama hatakula kwanza.

"Nitakula nikirudi," alisema. "Mama mwenye nyumba hulala baada ya chakula, na mimi nataka saini yake akiwa macho."