Koti Lililowekwa Juu ya Lundo

"Lilikuwa kwenye lundo, nikalichukua, nikalipia. Kosa langu liko wapi?" msichana aliuliza, koti kalikumbatia kifuani.

"Kosa lako ni kununua koti ambalo bado lina joto la mwenyewe! Hukuona mwenyewe kasimama hapa?"

"Ningejuaje ni mwenyewe? Alikuwa amevaa jingine!"

Mwenye koti alikuwa kasimama kando. Miguu ilimuuma, na kelele zote hizo alipigiwa na mdogo wake, ambaye tangu utotoni alimgombea hata mahali pasipo na ugomvi. Yeye alikuwa katibu muhtasi, au tuseme alikuwa mpaka ofisi yao ilipofungwa. Mchana huu alikuwa na usaili katika jengo la ng'ambo ya barabara. Mdogo wake ndiye aliyemvuta kwanza hapa sokoni. Alisema koti lake la kijani limezeeka mpaka lingefaa kuoa, na asiingie nalo mbele ya watu.

Basi katibu alilivua koti lake ili ajaribu la buluu lenye vifungo vya dhahabu alilochaguliwa. Kulivua si kosa. Kosa ni pale alipolilaza lake juu ya lundo la nguo, kama mtu aliyefika leo mjini.

"Grediwani, sema na wewe!" mdogo mtu alimgeukia muuzaji. "Umeuza nguo ya mteja!"

Muuzaji aliitwa Grediwani kwa sababu kila alichouza, hata kiwe na tundu la kupitisha kichwa, kilikuwa gredi ya kwanza. Alijikuna kidevu.

"Dada yangu, mimi niko hapa tangu asubuhi na robota jipya la mitumba, mikono kila upande. Mtu kanyanyua koti, kauliza bei, nimetaja. Nguo zote nazijua mimi? Na sheria ya hapa mnaijua. Kilichoko begani ni chako. Kilichoko kwenye lundo ni cha wote."

"Sheria gani hiyo!"

"Ndiyo sheria," wanawake wawili watatu waliokuwa wakichambua blauzi waliitikia bila kuinua vichwa. Mmoja akaongeza, "Bila hiyo tungeng'oana nywele hapa."

Katibu aliijua kuliko wote. Miaka yote ya kazi alivaa kutoka kwenye malundo haya, na ofisini walidhani ananunua madukani. Mikoba, mikanda ya ngozi, skafu ambazo wenzake waliziomba wazishike tu. Alikuwa na jicho. Robota likifunguliwa, yeye hakupapatika. Alishika kitambaa, akageuza bitana, akatazama mshono wa kwapa, akakitupia begani. Ambaye hakuwahi bega, pole yake.

"Angalia mfukoni," mdogo mtu hakuchoka. "Kama si lake, toa kilichomo!"

Msichana aliingiza mkono taratibu. Akatoa tishu iliyokunjwa, peremende ya kikohozi na kalamu isiyo na kifuniko. Wachambuaji wakaangua kicheko.

"Haya, Grediwani, siku hizi unauza na dawa!"

Hata Grediwani alicheka, kisha akakohoa akitafuta heshima yake. "Basi, mama, tumalizane hivi. Binti arudishe koti, nimpe hela yake. Au binti abaki nalo, wewe uchukue hilo la buluu ulilovaa, bure kabisa. Mimi nife na hasara."

Wote wakamtazama katibu.

Msichana alikuwa ameshalivaa koti. Labda alitaka kuagana nalo. Alisimama mbele ya kipande cha kioo kilichofungwa kwa waya kwenye nguzo, akajifunga kifungo cha juu. Lilikuwa la kijani cha chupa, mabega mapana, kiuno kimebana. Yale mabega ambayo katibu alipanga kuyapunguza kwa fundi, kumbe ndiyo yaliyombeba msichana.

"Nimezunguka masoko yote wiki nzima, mama," msichana alisema kwenye kioo. "Jumatatu naanza kazi ya mapokezi. Kila ninachovaa naonekana nimeazima. Hili ndilo la kwanza."

"Kwa hiyo ndiyo usimwachie mwenyewe?" mdogo mtu alirukia.

"Mwache," katibu alisema.

Alitazama kioo juu ya bega la msichana. Koti halikuwa limezeeka hata kidogo. Lilikuwa zuri siku zote, na alilivaa kwenye usaili uliopita na ule wa kabla yake, mbele ya vijana walioitazama saa kabla hajakaa vizuri. Alitoka akilaumu koti. Halafu akajiona mwenyewe nyuma ya msichana, katika buluu, mikono imemezwa, vifungo vikiwaka kama vya mpiga tarumbeta. Akachoka mpaka kwenye mifupa. Alikuwa amechoka kujifunika.

"Koti limenunuliwa kwa sheria," alisema. "Vaa, mwanangu. Bitana usiifue kwa maji ya moto, na kwapa la kushoto nimelishona mara mbili, usilivute. Nipe tu kalamu yangu."

"Mama, kweli?"

"Nitabadilisha mawazo ukiuliza tena."

Akavua la buluu, akamtupia mdogo wake. "Hili ndilo ulilipenda wewe. Livae."

"Dada! Unaingia kule na blauzi tupu? Watasema mzee wa watu katoka shambani!"

"Tangazo lao linataka mtu mwenye uzoefu. Uzoefu unakuja na sura yake. Wakitaka sura bila uzoefu, wanunue picha."

Wachambuaji wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Akashusha mikono ya blauzi, akafunga vifungo vyake kimoja kimoja, akajipangusa manyoya ya nguo za watu yaliyomganda kwenye sketi. Upepo ulimpiga mabegani na akahisi baridi kidogo.

"Ngoja basi nikupake hata podari!" mdogo wake aliita.

Katibu alishakuwa katikati ya barabara. Alipofika mlangoni hakusimama kujiangalia kwenye kioo cha mlango. Akausukuma kwa bega.

"Nimekuja kwa usaili," alimwambia mlinzi. "Nionyeshe ngazi."