Doa Chini ya Mwerebi

Hapa mjini Edo wachoraji hupata jina, sisi wachongaji wa mbao za kuchapia picha zao hupata makovu ya vidole. Sikuwahi kumwonea Rinsai, mchoraji niliyemchongea, wivu kwa hilo, au tuseme nilimwonea kidogo.

Alifariki mwezi wa tano, mvua zikiendelea. Siku chache kabla alikuwa amemaliza mchoro wa usiku wa kiangazi: mto, miti ya mierebi, vimulimuli juu ya maji. Mkono ulikuwa ukimtetemeka, mistari mingine imelegea, nami nikainyoosha kwa kisu kama mchongaji yeyote angefanya. Chini ya mwerebi wa mwisho kulikuwa na doa dogo la wino. Nikadhani brashi imemdondokea mzee wa watu. Nikaliondoa.

Na mchoro haurudi. Tunaubandika kifudifudi kwenye ubao wa mti wa mcheri, tunausugua mpaka unabaki mwembamba kama ganda la kitunguu, kisha tunachonga juu yake. Ubao ukikamilika, karatasi imekwisha.

Jana asubuhi mjane wake, Onui, alikuja karakanani kuona picha ya kwanza iliyochapwa. Aliiinamia kwa muda mrefu.

"Shemeji Tokuzo, macho yangu yamezeeka. Hebu nionyeshe nilipo."

"Ulipo wapi, shemeji?"

"Humu pichani. Miaka yote mume wangu kachora wake za watu na makahaba, mimi ananiambia nina sura ya chungu. Wiki ile ya mwisho akasema, 'Safari hii nimekuweka. Umekaa chini ya mwerebi, kamtu kadogo, nisije nikachekwa.'" Akacheka kidogo. "Nikamwambia heri, sitamjazia karatasi."

Kidole chake kilipita mwerebi mmoja baada ya mwingine, kikafika wa mwisho, kikasimama palepale nilipopitisha patasi, kisha kikaondoka.

Ningeweza kusema. Nikaona haya.

"Labda alighairi," nikasema.

"Hakughairi." Onui akanyoosha mgongo. "Alinidanganya tu, ili nisimlilie. Na mimi, mjinga, nikaamini."

Nikamviringishia ile picha aende nayo. Akairudisha kwangu taratibu.

"Wape wanunuzi, shemeji. Mimi sina changu humo."